Je, Wajua? Printa Iko Chumba cha Pili, Swali Linapitia Angani

Sogea hapa kwenye benchi, ndugu msomaji, leo nina mengi mkononi. Je, wajua kwamba seva ya printa, ile kompyuta inayopokea kazi za kila mtu na kuzipanga foleni, inaweza kuulizia majina mara 172,800 kwa siku moja ya kazi? Na karibu maswali yote hayo ni yaleyale!

Usiniamini bure, hesabu mwenyewe. Chukua chuo chenye kompyuta 60, kila moja ikiigongea seva kila baada ya sekunde 10 kujua foleni imefika wapi. Seva iliyowekwa vibaya, kila ikigongewa, inauliza kwanza: mwenye anwani hii anaitwa nani? Kwa saa 8 umefika 172,800, hata kama hakuna aliyechapisha ukurasa mmoja.

Sasa shikilia benchi. Kila swali likingoja jibu nusu sekunde, na maswali yakipangwa moja nyuma ya jingine, unapata sekunde 86,400 za kungoja. Hiyo ni siku nzima, saa 24 kamili, ndani ya siku ya kazi ya saa 8! Wino upo, karatasi ipo, umeme upo, na printa imenyamaza tu.

Nusu sekunde inatoka wapi? Setilaiti ya VSAT, ile intaneti ya dishi, hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali linapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka, na jumla yake ni zaidi ya kilomita 143,000. Huko ni kuizunguka dunia mara tatu na nusu, ili seva ya hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, ijue jina la kompyuta iliyo ng'ambo ya ukuta!

Mwanga wenyewe, kwa kasi yake ya karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hutumia zaidi ya sekunde 0.47 katika safari hiyo. Hakuna fundi duniani anayeweza kuufanya ukimbie zaidi. Kinachopunguzika ni idadi ya safari, na hapo ndipo utamu wote ulipo.

Setilaiti za Starlink, waliopata leseni Kongo mwaka 2025, huruka chini sana, kama kilomita 550 tu. Jibu linarudi haraka, kweli. Lakini swali la bure linabaki la bure hata likienda karibu.

Na maadamu tunahesabu kilomita, hii ya ramani huwa inawashangaza hata wenyeji. Je, wajua kwamba Bunia iko karibu zaidi na Bahari ya Hindi kuliko bahari ya nchi yake yenyewe? Kwa mstari ulionyooka, Mombasa ni kama kilomita 1,200, na Muanda, kwenye pwani ya Kongo, ni zaidi ya 2,100. Kampala haifiki 300. Kinshasa ni karibu 1,800, na saa yake iko nyuma ya saa yetu kwa saa nzima.

Mfumo unaojibu maswali ya majina unaitwa DNS, na juu kabisa una majina 13 tu ya seva za mzizi, kuanzia herufi A mpaka M. Kumi na tatu kwa dunia nzima! Ila kila jina lina nakala nyingi, na zote pamoja zinapita 1,500, nyingine zikiwa Nairobi, ambayo kutoka Bunia haifiki hata nusu ya umbali wa Kinshasa.

Je, wajua kwamba zamani majina yote ya mtandao yalikaa kwenye faili moja? Liliitwa HOSTS.TXT, na lilitunzwa California, kwenye taasisi ya SRI, na timu ya mama mmoja aitwaye Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako iwe na jina, uliwasiliana na ofisi yake, nao wakaliandika. Kwa mkono!

Mwaka 1983 Paul Mockapetris akaleta DNS, na faili lile likastaafu. Likastaafu? Thubutu! Mjukuu wake yumo ndani ya kompyuta yako sasa hivi. Kwenye Linux anaishi kwenye /etc/hosts, na kwenye Windows amejificha ndani ya System32, kwenye folda drivers, kisha etc.

Na mjukuu huyo ni dawa. Andika humo anwani na majina ya kompyuta zako 60 na ya printa zako 10, na seva itasoma jibu kwenye diski yake yenyewe, chini ya elfu moja ya sekunde. Kilomita 143,000 zimekuwa sifuri.

Bado tuko 1983, usiondoke. Tarehe 27 Septemba mwaka huo, Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, chanzo cha programu huria zinazoendesha seva nyingi leo. Kilichomchoma ni printa! Xerox waliipa maabara yake ya MIT printa ya leza iliyokuwa ikikwamisha karatasi, na alipotaka kuirekebisha programu yake, akanyimwa msimbo wake. Maelezo ya kwanza ya DNS yalitoka Novemba, chini ya miezi miwili na nusu baadaye.

Je, wajua kwamba historia ya nchi yetu unaweza kuisoma kwenye herufi zake mbili za intaneti? CD ziliingia kwenye orodha ya dunia mwaka 1997, Zaire ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lakini ZR za Zaire hazikufutwa mpaka 2001. Nchi ilikwisha badili jina, herufi zake zikaishi miaka minne zaidi.

Haya, turudi kwenye seva, maana sasa nataka uone kwa macho yako. Kaa kwenye seva ya printa yenye Linux, uwe na ruhusa ya msimamizi, andika tcpdump -n port 53, kisha bonyeza Enter. Mlango namba 53 ndio wanaopita watafuta majina wote. Kama seva yako ina ugonjwa huu, skrini itaanza kukimbia kama mvua ya Ituri.

Tazama mstari mmoja. Utaona kitu kama 5.0.168.192.in-addr.arpa, na pembeni herufi PTR. Anwani ya kompyuta ni 192.168.0.5, lakini DNS huiuliza kinyumenyume, namba ya mwisho ikitangulia! Sababu ni kwamba majina husomwa kutoka kulia, na anwani kutoka kushoto, basi ikabidi mmoja ageuzwe.

Anwani za IPv6 ndizo za kuchekesha. Zikigeuzwa, kila tarakimu inapewa nukta yake, na tarakimu ziko 32. Jina moja la kompyuta moja linakuwa na herufi 72!

Mara nyingi jibu utakaloliona ni NXDomain, yaani jina hilo halipo. Sekunde 10 baadaye, swali lilelile, anwani ileile, na jibu ni halipo tena. Seva inaambiwa hapana mchana kutwa na haichoki.

Angalizo la haraka: usisahau ile -n. Ukiiacha, tcpdump nayo itaanza kuulizia majina ya anwani inazoziona, na utakuwa umeongeza foleni uliyokuja kuipunguza!

Swali moja la aina hiyo lina ukubwa gani? Baiti 42! Ukiongeza bahasha zake za njiani, baiti 70. Maswali yetu 172,800 yanakuwa megabaiti 12 tu kwenda, pungufu ya video fupi ya harusi. Kwa hiyo usitafute tatizo kwenye kifurushi cha data. Kinachoumiza ni muda.

Je, wajua kwamba programu ya CUPS, inayochapisha kwenye kompyuta nyingi za Linux na za Apple, ina neno moja linaloamua mambo haya yote? Neno lenyewe ni HostNameLookups, kwenye faili cupsd.conf. Lina hali tatu: Off, On na Double.

Double ndiyo hatari. Seva huuliza kwanza anwani hii ina jina gani, kisha jina hili lina anwani gani, ili kuhakikisha havipingani. Maswali yetu 172,800 yanaweza kuruka mpaka 345,600!

Waliotengeneza CUPS waliliona hilo mapema, wakaiacha kwenye Off tangu kiwandani. Apache, seva maarufu ya tovuti, ilifanya vivyo hivyo, na maelezo yake yanasema wazi kuwa ni kwa ajili ya kuokoa mtandao. Yaani ukikuta imewashwa, kuna mtu aliiwasha. Muulize alikuwa anatafuta nini.

Shika na hii. Kwenye Apache, ukiandika jina la kompyuta badala ya namba kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, inaulizia mara mbili hata kama umezima! Namba hazina haja ya kuulizwa. Ruhusu kwa namba, mambo yanatulia.

Kwa nini printa zilipenda majina tangu mwanzo? Kwa sababu utaratibu wa zamani wa LPD, ulioandikwa rasmi Agosti 1990, uliitaka kila kazi ije na jina la kompyuta iliyoituma, lisilozidi herufi 31. Seva ilikuwa na faili lenye majina ya marafiki, na asiyekuwemo hakuchapisha. Ulinzi wa enzi zile za watu waaminifu.

Na utaratibu huohuo ulikuwa na kituko kingine. Mtumaji aliruhusiwa kutokea kwenye milango 11 tu, kuanzia 721 mpaka 731! Kila mlango ukitumika hupumzika kidogo kabla ya kutumika tena, kwa hiyo kazi 12 za harakaharaka zilitosha kukwama. Kumi na moja tu, kwa kila kompyuta inayotuma!

Unadhani nimemaliza? Bado sana. Je, wajua kwamba jina fupi huzaa maswali mengi? Andika printa3 bila kumalizia, na kompyuta yenye viambishi vitatu vya kujaribu itajaribu printa3 na cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na huenda ikalijaribu peke yake. Kila mara inaulizia anwani ya IPv4 na ya IPv6. Manne mara mbili ni maswali 8 kwa jina moja!

Dawa yake ni nukta. Ndiyo, nukta moja! Andika jina kamili la printa na uweke nukta mwisho wake, na DNS inaelewa kuwa jina limekwisha, haijaribu viambishi. Nukta hiyo ni ya bure, na sijaona matengenezo ya bei nafuu kuliko hayo.

Na seva ya majina ikiwa imezimika je? Linux ya kawaida hungoja sekunde 5, ikakata tamaa, ikajaribu tena. Ukiwa na seva moja iliyokufa unangoja sekunde 10. Ukiwa nazo mbili zilizokufa, sekunde 20. Mwanafunzi amesimama na TFC yake, ile kazi ya kumalizia masomo, kesho anaitetea, na seva inasubiri jibu la jina lisilohitajika!

Hii inanisisimua kila nikiifikiria. Maktaba kuu ya Linux inayoulizia majina haina kumbukumbu yake yenyewe. Ikiuliza sasa hivi na kujibiwa, sekunde inayofuata imesahau, na inauliza upya. Unatakiwa uiwekee msaidizi wa kutunza majibu.

Msaidizi mmoja anaitwa dnsmasq, kijiprogramu cha Simon Kelley. Bila kuambiwa chochote hutunza majina 150. Zile kompyuta zetu 60 na printa 10 zinaingia zote, na nafasi 80 zinabaki.

Kila jibu la DNS huja na umri wake, uliohesabiwa kwa sekunde. Jibu lenye umri wa sekunde 60 linaweza kuulizwa upya mara 1,440 kwa siku. Lenye sekunde 86,400 linaulizwa mara moja tu. Printa inayokaa kwenye meza ileile miaka mitatu inahitaji umri wa dakika moja wa nini?

Na hata hapana inatunzwa! Tangu mwaka 1998 kuna kanuni rasmi ya namna ya kukumbuka kwamba jina fulani halipo. Zile NXDomain ulizoziona kwenye skrini, msaidizi anazikumbuka kwa muda, na setilaiti inapumzika.

Makubwa yako hapa. Je, wajua kwamba anwani za ndani, zile za 10, za 172.16 mpaka 172.31 na za 192.168, ziko 17,891,328, na dunia nzima inazitumia zilezile kwa wakati mmoja? 192.168.0.5 iko Mudzipela hapa Bunia, iko Kampala, iko Tokyo. Hakuna mtu wa nje anayeweza kukuambia yako inaitwaje!

Lakini kompyuta zinauliza nje vivyo hivyo. Zikawa zinauliza sana hata ikabidi pajengwe seva maalumu duniani, chini ya mradi uitwao AS112, ambazo kazi yake kubwa ni kujibu tu: halipo. Seva nzima kwa ajili ya maswali yaliyopotea njia!

Kuyazuia ni rahisi. Iambie dnsmasq au seva yako ya majina ijibu yenyewe anwani za ndani, na isizipeleke nje. Mstari mmoja, bogus-priv, unatosha kwa dnsmasq.

Unafikiri ni tatizo la wadogo? Tarehe 4 Oktoba 2002, watafiti wa Marekani walichunguza maswali ya siku nzima kwenye seva moja ya mzizi. Asilimia 98 hayakustahili kufika pale. Asilimia 2 ndiyo yalikuwa na maana!

Na mkubwa wa makosa haya amewahi kuwa kivinjari unachokitumia. Chrome ilikuwa, kila ikifunguliwa, inaulizia majina matatu ya kubuni, herufi 7 mpaka 15 zisizo na maana, ili kujua kama mtandao unadanganya. Mwaka 2020 ikagundulika kuwa karibu nusu ya maswali yote kwenye seva za mzizi yanatokana na kamchezo hako.

Wakarekebisha kwenye toleo la 87. Maswali yakashuka kutoka kilele cha bilioni 143 kwa siku hadi bilioni 84. Bilioni 59 zikatoweka, zaidi ya 680,000 kila sekunde, na hakuna mtu aliyekosa tovuti hata moja!

Upumue kidogo, nikupe ya kwetu. Unaukumbuka uchaguzi wa 30 Desemba 2018? Mashine ya kupigia kura uliyoigusa kwenye skrini ilikuwa na printa ndani yake, ikachapa kura yako papo hapo. Kongo iliagiza zaidi ya 100,000, na kadi ya mpiga kura, ambayo wengi tunaitumia kama kitambulisho, nayo huchapwa palepale unapoandikishwa.

Na hii kwa wapenzi wa vituko: ndani ya Linux kuna ujumbe wa tahadhari usemao printa inawaka moto. Ni wa kweli, na asili yake ni enzi za mashine kubwa ambazo karatasi iliyokwama ilihofiwa kushika moto. Kama umewahi kuuona, usikimbie, angalia karatasi kwanza.

Simu nayo haijabaki nyuma. Inapotafuta printa yenyewe, bila kuandikiwa chochote, hupiga kelele kwa kila mtu chumbani kupitia anwani 224.0.0.251, mlango 5353. Kwenye darasa la watu wachache ni raha tupu. Kwenye ukumbi uliojaa simu, kila mmoja anasikia kelele za wote, na kama printa hazihami, kelele hizo mimi ningezizima.

Basi, fundi wa vyuo vyetu vya Bunia, iwe UNIBU, ISP au Shalom, na wewe mwenye duka la kuchapisha pale Boulevard de Libération, kesho asubuhi kabla watu hawajajaa fungua cupsd.conf, utafute HostNameLookups. Ukikuta On au Double na hakuna anayejua sababu, andika Off. Ziandike printa kwenye /etc/hosts, weka dnsmasq, anzisha huduma upya, kisha piga tena tcpdump -n port 53, uhesabu kwa dakika moja mistari mingapi imebaki.